Dawa za chunusi zimenikausha na kunichonyota uso: niache au nivumilie?

Swali: "Nina miaka 22. Daktari aliniandikia krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05 ya kupaka usiku, na asubuhi napaka jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 10 niliyojinunulia mwenyewe. Nanawia sabuni ya maji yenye asidi ya salisiliki. Hii ni wiki ya tatu. Chunusi zimepungua kidogo, lakini mashavu na sehemu ya kuzunguka mdomo zimekauka, zinatoka magamba, zinanibana nikicheka, na sasa hata maji matupu yananichonyota. Dada yangu anasema nivumilie kwa kuwa dawa inayouma ndiyo inayofanya kazi. Jirani amenipa krimu yake yenye betamethasoni, anasema itatuliza kwa siku moja. Niache dawa au niendelee? Nipake nini? Na je, huu si mzio?"

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na la haraka, kwa sababu huenda uso unakuuma hata sasa unaposoma. Kuanzia leo simamisha vitu vyote vitatu, yaani tretinoini, benzoili peroksidi na hiyo sabuni ya asidi, na krimu ya jirani mrudishie bila kuipaka. Kwa siku kadhaa zijazo uso wako unahitaji kunawa kwa upole, krimu nzito isiyo na manukato, na kinga ya jua. Zaidi ya hapo haudai kitu. Dawa utazirudia, na nitaeleza utazirudia kwa mpango gani, kwa sababu nisingependa uyachukue maneno haya kama amri ya kuzitupa. Tretinoini na benzoili peroksidi ni miongoni mwa dawa bora za chunusi tulizonazo. Kilichoharibika ni kwamba umepaka kali, nyingi na kwa wakati mmoja, juu ya ngozi ambayo haikupewa nafasi ya kuzizoea.

Kauli ya dada yako naisikia mara nyingi, na kila ninapoisikia nasikitika, kwa sababu inawafanya watu wavumilie madhara wakidhani ndiyo kupona. Kukauka na kuchonyota ni athari za pembeni za dawa, wala si kipimo cha kazi yake. Tretinoini hutibu chunusi kwa kurekebisha namna seli zinavyokua na kumenyuka ndani ya kitundu cha kinyweleo, ili zisishikamane na kukiziba. Benzoili peroksidi huachia oksijeni yenye nguvu inayoua bakteria wanaoishi humo. Kazi zote mbili zinaweza kufanyika bila uso kubabuka. Ushahidi mzuri uko kwenye benzoili peroksidi yenyewe: utafiti uliofanywa miaka ya 1980 ulilinganisha jeli ya asilimia 2.5 na zile za asilimia 5 na 10, na ile hafifu ikapunguza chunusi zilizovimba sawasawa na zile kali, huku ikichoma na kumenya ngozi kidogo kuliko ile ya asilimia 10. Kwa hiyo, asilimia 10 uliyonunua haikukuongezea tiba ya maana, imekuongezea maumivu.

Ili uelewe kwa nini napendekeza ninayopendekeza, inafaa ujue kilichotokea usoni mwako. Tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni jembamba kuliko karatasi, limejengwa kama ukuta: seli bapa zilizokwisha kufa ndizo matofali, na katikati yake kuna mafuta maalumu, hasa seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta, ambayo ndiyo udongo unaoyashikanisha. Ukuta huo huzuia maji ya mwili yasitoroke, na huzuia vitu vya nje visipenye. Tretinoini huharakisha uzalishaji wa seli, hivyo zinazofika juu huwa bado hazijakomaa na tabaka hilo hupungua unene kwa muda. Asidi ya salisiliki hulegeza kinachoshikanisha seli. Benzoili peroksidi hushambulia mafuta yaliyomo katikati yake. Na sabuni huosha yaliyosalia. Kila moja peke yake ngozi ingeweza kuistahimili. Zote kwa pamoja, kila siku, kwa wiki tatu, zimeutoboa ukuta.

Maji yanapovukizwa kupitia humo ndipo uso unapobana na kutoa magamba, na vitu vya nje vinapopenya hadi kwenye ncha za neva ndipo unapochonyota, hata kwa maji ya bomba au kwa chumvi ya jasho lako mwenyewe. Ndiyo sababu krimu ambayo hukuwahi kuilalamikia inaweza kukuchoma leo ilhali kilichomo ndani yake ni kilekile. Na kuna jambo la hatari zaidi ambalo wengi hawalifikirii: ngozi iliyotoboka huipokea dawa kwa wingi kuliko ngozi nzima, kwa hiyo kipimo kilekile cha tretinoini ulichopaka jana usiku kilikuwa na nguvu kubwa kuliko ulichopaka usiku wa kwanza. Ukiendelea kuvumilia, tatizo linajilisha lenyewe.

Huenda unajiuliza inawezekanaje uso ung'ae kwa mafuta na papo hapo uwe umekauka. Mafuta yanayong'aa hutoka kwenye tezi zilizo ndani ya vitundu na kumwagika juu ya ngozi, nayo hayawezi kushika nafasi ya seramidi zilizopotea katikati ya seli. Kwa hiyo usijinyime krimu kwa kuogopa kwamba utauongezea mafuta uso ambao tayari unayo.

Kuhusu mzio, au aleji kama wengi wanavyouita, maelezo yako hayaelekei huko, bali yanaonyesha ngozi iliyochokozwa na dawa. Ngozi iliyochokozwa huuma zaidi kuliko inavyowasha. Huchoma, hubana na kutoa magamba, mahali palepale palipopakwa dawa, na huwa mbaya zaidi penye ngozi nyembamba kama pembeni mwa pua, pembe za mdomo na karibu na macho. Mzio huwasha kwa namna ya kutaka kujikuna, huvimbisha, hasa kope, unaweza kutoa vilengelenge vidogo vya maji, huenea hata pasipopakwa dawa, na hurudi ukigusa kiasi kidogo tu cha dawa ileile. Mzio wa benzoili peroksidi upo ingawa si wa kawaida, na mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba bidhaa za chunusi zenye benzoili peroksidi au asidi ya salisiliki zinazouzwa bila cheti cha daktari zinaweza, kwa nadra, kusababisha mzio mkali unaohatarisha maisha. Koo likibana, pumzi ikipungua, macho, midomo au ulimi vikivimba, au ukihisi kuzimia, usingoje kesho. Nenda hospitali wakati huohuo.

Niongeze jambo kwa wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, kwa sababu maelezo mengi ya dawa huzungumzia "wekundu" ambao kwenye ngozi hiyo hauonekani kirahisi. Tafuta badala yake rangi iliyokolea kuliko kawaida, yenye kuelekea zambarau au kijivu, ngozi iliyopauka, joto unapoigusa kwa mgongo wa kiganja, na ukwaruzo chini ya vidole. Simama karibu na dirisha mwanga ukikupiga kwa ubavuni, kisha bana shavu taratibu kwa vidole viwili: ngozi yenye maji ya kutosha hurudi laini, lakini iliyokauka hujikunja mistari midogo mingi kama karatasi iliyofinywa. Ngozi ya namna hii ikichokozwa kwa muda mrefu huacha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi mingi baada ya chunusi yenyewe kusahauliwa, na hilo pekee linatosha kuifanya kazi ya kuutuliza uso iwe sehemu ya matibabu, si jambo la urembo.

Sasa kuhusu ile krimu ya betamethasoni, ambayo naiogopa kuliko kitu kingine chochote katika barua yako. Jirani hakudanganyi anaposema itatuliza kwa siku moja, na hapo ndipo mtego ulipo. Hii ni steroidi yenye nguvu. Hubana mishipa ya damu na kunyamazisha kinga ya ngozi, kwa hiyo uvimbe na uchungu hushuka haraka. Ikitumika usoni kwa wiki kadhaa huifanya ngozi kuwa nyembamba, huleta vipele vidogo kuzunguka mdomo, huzaa chunusi za aina yake, na mtu anapoiacha uso huwaka upya kuliko mwanzo, hivyo hujikuta anaipaka tena ili apumue. Nimeona watu waliokuja na chunusi chache wakaishia na tatizo la steroidi lililochukua muda mrefu zaidi kuliko chunusi zao. Onyo hilihili linahusu krimu zinazochanganya steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi katika tyubu moja, pamoja na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo baadhi yake huwa na steroidi au zebaki bila kutajwa kwenye lebo. Daktari anaweza, akishakuona, kukupa steroidi hafifu kwa siku chache kwa sababu maalumu. Hilo ni jambo tofauti kabisa na kuazimana tyubu.

Tuje kwenye kutuliza kwenyewe. Usiku nawa mara moja kwa kiosheo laini kisicho na manukato wala asidi, na asubuhi maji matupu yanatosha. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10 ilhali ngozi yenye afya hukaa karibu na 5, na tofauti hiyo, ambayo uso usiodhurika huimudu, uso uliotoboka hauimudu. Maji yawe ya vuguvugu, yasiwe ya moto. Tandaza kiosheo kwa ncha za vidole kwa muda usiozidi nusu dakika, suuza, kisha gusisha taulo laini usoni na kuinyanyua, usifute. Magamba yanayoning'inia yatakutamanisha kuyabandua, hasa yale ya pembeni mwa mdomo, lakini gamba linalovutwa kabla ya wakati wake huondoka na ngozi hai na kuacha kidonda. Yalainishe kwa mafuta ya mgando usiku, nayo yatatoka yenyewe siku ya pili au ya tatu. Dodoki, brashi za uso na krimu zenye chembechembe za kusugulia ziweke mbali kabisa.

Ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndani ya dakika mbili tatu za kujikausha, paka krimu. Nasema krimu kwa makusudi, kwa kuwa losheni nyepesi huwa na maji mengi na mafuta machache, na kwa hali yako haitoshi. Soma nyuma ya chupa. Unatafuta gliserini ikiwa kati ya vitu vya mwanzo kwenye orodha, kwa kuwa huvuta maji na kuyashikilia ndani ya ngozi. Unatafuta seramidi, ambazo husaidia kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Na unatafuta kitu cha kufunika juu, ama dimethikoni ama mafuta ya mgando, ili maji yasitoroke tena. Niasinamidi, yaani vitamini B3, kwa kiasi kidogo ni nyongeza nzuri ila si ya lazima. Unaepuka manukato, mentholi, mafuta ya mimea yenye harufu kali, vitamini C, asidi za matunda na alkoholi inayokausha. Usishtuke lakini ukikuta alkoholi ya setili au ya stearili. Hizo ni za jamii ya mafuta na hulainisha ngozi.

Wengi hupaka krimu kidogo mno. Kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza. Uso na shingo huhitaji mistari miwili na nusu ya namna hiyo. Paka asubuhi na usiku, na katikati ya siku pia ukihisi uso unabana. Krimu ikichonyota kwa chini ya dakika moja kisha ikatulia, endelea nayo. Ikiendelea kuchoma, inawe na upake mafuta ya mgando matupu yasiyo na harufu, kwa sababu hayana maji, manukato wala vihifadhi, na kwa hiyo kitu cha kuchonyota humo ni kidogo sana.

Najua watu wenye chunusi huyaogopa mafuta ya mgando wakiamini huziba vitundu. Mafuta hayo yakiwa safi hukaa juu ya ngozi na hayajulikani kuwa chanzo cha chunusi. Tabaka jembamba kwenye pembe za mdomo, pembeni mwa pua na palipopasuka kabla ya kulala litakusaidia sana. Sina imani hiyohiyo na mafuta ya nazi, ambayo huweza kuzidisha chunusi kwa wenye uso unaoziba kirahisi, wala na mafuta ya zeituni, ambayo yana asidi ya oleiki nyingi inayodhoofisha ule ukuta tunaojaribu kuujenga. Jeli ya mshubiri huwapoza baadhi ya watu, lakini nyingi za dukani zimetiwa manukato na alkoholi, na mshubiri uliokatwa mbichi hutoa utomvu wa njano unaochokoza ngozi. Limau, dawa ya meno na magadi visiguse uso huu kwa hali yoyote. Uso ukiwaka moto, kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kikiwekwa kwa dakika kama kumi kisha kikafuatiwa na krimu, hutuliza vizuri kuliko nusu ya vitu vinavyouzwa kwa jina la kutuliza.

Kinga ya jua ni ya lazima kwa rangi yoyote ya ngozi, kwa sababu tabaka la juu sasa ni pungufu na jua huyakoleza madoa. Chagua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga ya jua) 30 au zaidi, na kwa sasa ile inayotumia oksidi ya zinki, maana hiyo huchonyota kidogo kuliko nyingine nyingi. Kofia pana na kivuli ni msaada wa kweli pia siku ambazo uso haustahimili kupakwa kitu.

Mapumziko haya yachukue muda gani? Uso uliokauka kidogo hutulia kwa siku tatu hadi tano. Wa kwako, unaochonyotwa na maji, unaweza kuhitaji wiki moja hadi mbili. Kipimo ninachokiamini ni hiki: unanawa, unapaka krimu, na husikii mchonyoto wowote, kwa siku tatu mfululizo. Baadhi ya chunusi zinaweza kuchomoza katika muda huo. Usiogope. Matibabu ya chunusi hupimwa kwa wiki 8 hadi 12, na wiki moja au mbili za kupumzika hazifuti ulichokwisha kupata.

Kurudi kuwe kwa dawa moja tu, na ningeanza na tretinoini kwa kuwa ndiyo inayozuia vitundu kuziba tangu mwanzo. Muulize daktari wako kama unaweza kushuka hadi asilimia 0.025, au kuhamia adapalini ya asilimia 0.1, ambayo ni ndugu yake na kwa watu wengi huwa mpole zaidi. Kwa wiki mbili za kwanza paka usiku mara mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Ukiona hakuna mchonyoto, nenda usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kwa wiki nyingine mbili au zaidi, na kila usiku baadaye kama ngozi inaruhusu. Wako wanaobaki kwenye mara tatu kwa wiki miaka yote na uso wao ukawa safi. Hakuna tuzo ya kufika kila usiku.

Namna ya kuipaka ina uzito kama idadi ya siku. Nawa, jikaushe, kisha subiri dakika 20 hadi 30, kwa maana ngozi yenye maji huichukua tretinoini kwa ukali. Paka kwanza mafuta ya mgando kidogo kwenye pembe za mdomo na pembeni mwa pua ili dawa isitiririkie huko, halafu krimu yako ya kawaida uso mzima. Ikishakauka, chukua tretinoini ya ukubwa wa punje moja ya njegere, na hiyo ni ya uso wote: nukta kwenye paji, kila shavu na kidevu, kisha uzitandaze. Malizia kwa krimu tena. Dawa iliyowekwa katikati ya krimu mbili hupenya taratibu zaidi, na kwa ngozi iliyokwisha kuumia huo ni upungufu unaokufaa. Usiipake kwenye chunusi moja moja kana kwamba unaziadhibu, kwa sababu kazi yake ni kuzuia zile ambazo bado hujaziona. Usiku huo pia usiufunike uso mzima kwa mafuta ya mgando juu ya tretinoini, kwani kufunikwa huongeza upenyaji wake. Kama hata kwa mpango huu ngozi inalalamika, acha dawa usoni kwa dakika 30 hadi 60 kisha uinawe. Kwa wengine hiyo ndiyo njia inayowavusha mwezi wa kwanza.

Tretinoini ikishatulia kwa takriban mwezi mmoja, ndipo urudishe benzoili peroksidi, kwa asilimia 2.5, au ya kunawa inayokaa usoni dakika mbili tu kisha ikasuuzwa. Kabla ya kuipaka uso wote, ijaribu sehemu ndogo kwa siku tatu. Iendelee kuwa ya asubuhi, maana benzoili peroksidi huweza kuivunjavunja tretinoini ya kawaida zikikutana. Adapalini haina shida hiyo. Taulo na foronya zako ziwe nyeupe, kwa kuwa dawa hii hung'oa rangi ya vitambaa. Sabuni ya asidi ya salisiliki sioni sababu ya kuirudisha. Kazi yake ya kufungua vitundu tayari inafanywa na tretinoini.

Kuna mambo machache ya tahadhari. Tretinoini na adapalini hazitumiwi wakati wa ujauzito, kwa hiyo kama una mimba au unatarajia kuipata, mwambie daktari sasa. Asidi ya azelaiki ni mojawapo ya dawa anazoweza kukupa badala yake. Wanaonyoa ndevu waache wembe hadi uso upone, au wanyoe kwa kufuata uelekeo wa nywele. Na kwa wasomaji wanaomeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini, ushauri wa kunawa na kupaka krimu unawahusu, pamoja na mafuta ya mgando kwenye midomo na matone ya machozi ya dukani kwa macho makavu, lakini kipimo cha vidonge hubadilishwa na daktari peke yake. Wasiondoe nywele kwa nta, maana ngozi hutoka nayo, wasimeze vidonge vya vitamini A, na wasipate mimba kabisa wakiwa kwenye dawa hiyo, kwa kuwa huharibu vibaya maumbile ya mtoto aliye tumboni.

Kuhusu wewe, mwone daktari mapema ikiwa wiki mbili za mapumziko hazijaleta nafuu, ikiwa ngozi inatoa majimaji, usaha au ukoko wa njano, ikiwa una homa, ikiwa vinatokea vilengelenge vyenye maumivu vilivyokusanyika mahali pamoja, au ikiwa kope na macho vimehusika. Hata mambo yakienda vizuri, ningependa urudi kwake kabla ya kuanza tena tretinoini. Alipokuandikia dawa ile pengine hakujua kwamba utaongeza jeli ya asilimia 10 na sabuni ya asidi, na bila kulijua hilo anaweza kudhani ngozi yako haivumilii tretinoini kabisa na kukunyima dawa inayokufaa. Mchukulie tyubu na chupa zote unazotumia, pamoja na krimu na sabuni za kawaida, uziweke mezani, na umweleze ulipaka nini, lini na kwa kiasi gani.